Vifaranga wa Samaki Klauni Wanapokufa: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Malalamiko ya wanaojaribu kuzalisha samaki klauni nyumbani yanafanana mno: mayai yalianguliwa vizuri usiku, tangi likajaa vifaranga, na siku chache baadaye hakubaki hata mmoja. Kabla ya kuuliza wamekufaje, uliza wamekufa wakiwa na siku ngapi, kwa maana umri wa kifo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote. Anayekufa usiku wa kwanza hufa kwa sababu tofauti kabisa na anayekufa siku ya nne, na huyo naye hafanani na anayekufa siku ya kumi na mbili akiwa tayari ameanza kupata mlia mweupe kichwani. Kwa hiyo dalili zilizo hapa zimepangwa kwa kufuata umri. Maelezo yanahusu zaidi Amphiprion ocellaris na Amphiprion percula, ambao ndio wanaozalishwa sana majumbani, ingawa mengi yake yanawafaa klauni wengine.

Pima mambo matano kabla ya kugusa kitu chochote, na uyaandike: joto, chumvi, pH, amonia, na idadi ya rotifa (vijidudu vidogo sana vya majini ambavyo ndivyo chakula cha kwanza cha vifaranga) katika mililita moja ya maji. Tangi la vifaranga linapaswa kuwa na joto la nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi, chumvi inayosomeka 1.020 hadi 1.025 kwenye haidromita, pH ya 8.0 hadi 8.3, na amonia isiyoonekana kwenye kipimo. Maji yaliyotiwa mwani mdogo sana wa kijani, kama ilivyoelezwa hapa chini, hupotosha rangi ya kipimo, hivyo yachuje kwanza, au weka kando yake kichupa cha maji yale yale yasiyotiwa kemikali ili ulinganishe. Ukiona kasoro, rekebisha jambo moja kisha usubiri. Anayebadili maji, mwanga na chakula kwa mkupuo mmoja hatajua kilichomsaidia wala kilichomponza.

Mayai yanatoweka, au hayaanguliwi

Yakipungua tangu siku za kwanza, wazazi wanayala. Mara nyingi huwa hayakurutubishwa, jambo la kawaida kwa jozi changa inayotaga kwa mara za mwanzo, na hapo hakuna dawa ila kuwalisha wazazi vizuri na kungoja watage tena. Mayai yaliyo hai hutoka kwenye rangi ya chungwa, huzidi kuwa meusi, kisha macho ya fedha huonekana ndani yake. Yanayogeuka meupe yamekufa, nayo hukaribisha ukungu.

Ikiwa macho yanang'aa na siku ya 7 hadi ya 9 imefika lakini hakuna kilichotokea, tazama mwanga kwanza. Klauni huanguliwa gizani, kwa kawaida ndani ya saa mbili baada ya taa kuzimwa, na taa ndogo ya kifaa cha umeme au mwanga wa chumba jirani unaweza kuwachelewesha. Joto la chini ndilo la pili, kwa kuwa kila nyuzi inayopungua hurefusha siku za kuatamia. La tatu huwahusu walioyahamisha mayai mbali na wazazi: mayai hayapepewi. Baba huyapepea kwa mapezi muda wote, na asipokuwepo, jiwe la hewa liwekwe chini yake kidogo ili mapovu yapande kando, yakiyatikisa mayai bila kuyagonga.

Wamekufa kabla ya asubuhi ya kwanza

Sababu inayoongoza ni namna walivyokamatwa. Kifaranga aliyetoka kuanguliwa ana urefu wa milimita 3 hadi 4 na ngozi yake haistahimili wavu wala hewa, kiasi kwamba akiinuliwa nje ya maji kwa muda mfupi tu anaweza kuonekana mzima kisha akafa usiku huo huo. Zima taa na pampu, elekeza tochi kwenye kona moja ya juu ya tangi, ngoja wakusanyike penye mwanga, kisha uwachote pamoja na maji yao kwa kikombe, au uwavute polepole kwa mrija mwembamba. Iliyo salama zaidi ni kuhamisha kigae au chungu chenye mayai jioni ile inayotarajiwa, ili waanguliwe ndani ya tangi lao wenyewe.

Kinachofuata ni tofauti ya maji. Tangi la vifaranga lijazwe maji ya tangi la wazazi, lenye joto na chumvi ile ile, si maji mapya yaliyochanganywa siku hiyo. Ikilazimu kuwatoa kwenye maji ya aina moja hadi nyingine, waongezee maji mapya kwa matone, kwa saa moja au zaidi.

Ukiridhika na hayo mawili, tazama hewa. Mapovu yanapaswa kupanda moja moja, yakitosha kuyazungusha maji bila kuwabeba vifaranga. Ukiwaona wanapigwa pigwa juu chini pasipo kuweza kusimama mahali pamoja, punguza hewa kwa vali hadi watulie. Chujio linalonyonya halina kazi ndani ya tangi hili kwa siku za mwanzo, wala halihitaji kuwepo.

Wanazunguka, wanagonga kioo, au wamesimama kichwa chini

Hii ni dalili ya mwanga hadi ithibitike vinginevyo. Vifaranga huvutwa na nuru, na tangi lenye kuta angavu huwapa nuru kutoka pande zote. Basi hukimbilia kioo, hukigonga kwa midomo, na huacha kula. Funika pande zote na chini kwa karatasi nyeusi, acha mwanga uingie kutoka juu tu, tena uwe hafifu. Wengi huacha taa hiyo dhaifu ikiwaka usiku na mchana kwa siku chache za mwanzo ili vifaranga waendelee kula, nami naona utaratibu huo una faida mradi taa isiwe kali.

Mwani wa kijani, hasa Nannochloropsis, hutatua nusu ya tatizo hili. Tia kiasi cha kuyapa maji rangi ya chai ya kijani iliyochujwa, huku ukiweza kuona sakafu ya tangi. Mwani hutawanya nuru, huwafanya rotifa waonekane vyema mbele ya macho ya vifaranga, na huwalisha rotifa hao wasipungukiwe na lishe wakiwa ndani ya tangi.

Kama mwanga umerekebishwa na bado wanazunguka saa kadhaa baadaye, rudi kwenye kipimo cha amonia.

Vifo vya siku ya 2 hadi ya 5

Hapa ndipo wengi hupoteza uzao mzima, na karibu kila mara chanzo ni njaa, hata pale mfugaji anapoapa kwamba chakula kimejaa. Kiini cha yai anachobaki nacho kifaranga wa klauni ni kidogo sana, hivyo asipopata chakula kinachotembea na kinachoingia mdomoni mwake katika siku moja au mbili za mwanzo, hudhoofika kiasi cha kushindwa kuwinda hata chakula kikija baadaye.

Anza kwa kuwatazama. Chukua kioo cha kukuzia na umchague kifaranga mmoja. Anayewinda husimama, hujikunja mfano wa herufi S, hutulia kitambo kifupi, kisha hujifyatua mbele. Baada ya mapigo kadhaa ya namna hiyo tumbo lake huonekana la mviringo lenye weupe wa fedha. Aliye na njaa ana tumbo bapa linalopenyeza nuru, na hutembea bila kujikunja. Ukitazama kumi na ukakuta wengi wana matumbo bapa, umepata jibu kabla ya kupima kitu kingine.

Kisha hesabu rotifa. Chota mililita moja kwa bomba la sindano, tia tone la siki ili wasimame, imimine kwenye kisahani cheusi na uhesabu vidoa vyeupe. Rudia kwa maji ya sehemu nyingine ya tangi, kwa sababu rotifa hukusanyika. Lengo ni rotifa 5 hadi 15 kwa mililita. Watu hushangaa wakifanya hesabu yake: tangi la lita 20 likitakiwa kuwa na rotifa 10 kwa kila mililita linahitaji rotifa 200,000, na vifaranga mia kadhaa huwapunguza mchana kutwa. Kijiko cha maji ya chombo cha kukuzia rotifa kilichofifia hakifui dafu hapo.

Idadi ikiwa chini, ongeza mara mbili au tatu kwa siku baada ya kuhesabu, wala usikadirie kwa macho. Ikiwa idadi inatosha na matumbo bado ni bapa, sababu zinazobaki ni hizi, kwa kufuata wingi wake. Mwanga ni mkali au umezimwa, nao hawaoni windo. Hewa ina nguvu, nao hawawezi kulenga. Au rotifa wenyewe hawana kitu tumboni: rotifa ambaye hakulishwa kwa saa kadhaa ni ganda tupu, na kifaranga anaweza kumla tangu asubuhi hadi jioni bila kunufaika. Walishe rotifa mwani saa chache kabla ya kuwatoa, wachuje kwa kitambaa cha matundu ya maikroni 53 na uwasuuze kwa maji safi ya chumvi, maana maji ya chombo chao yana amonia nyingi na hayapaswi kumiminwa kwa vifaranga.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halitajwi sana. Rotifa waliozidi mno hula oksijeni, hunya, na huchafua maji, tena mwani wote huisha kwa usiku mmoja. Maji yaliyokuwa ya kijani jioni yakikutwa angavu alfajiri huku rotifa wakiwa wengi, usiongeze rotifa, ongeza mwani.

Ufugaji wa rotifa umeanguka

Hili si tatizo la vifaranga, lakini ndilo huwaua. Chombo chenye rotifa wengi leo kinaweza kuwa kitupu kesho kutwa. Kisababishi cha kawaida ni kulisha kupita kiasi: mwani huoza chini, amonia hupanda, rotifa hufa. Kingine ni kutovuna. Toa robo hivi ya maji kila siku, uwe na vifaranga au usiwe nao, na uyarudishie maji mapya ya chumvi. Cha mwisho ni kuvamiwa na viumbe wa chembe moja wanaokwenda mbio, ambao huonekana kwa hadubini. Hapo suuza rotifa vizuri na uanze chombo kipya. Tunza vyombo viwili vilivyotengana, usitumie kikombe kimoja kwa vyote viwili, na usiruhusu jozi yako itage kwa matumaini kabla vyombo hivyo havijasimama imara. Ushauri huo unaonekana mkali, lakini rotifa hawaoteshwi kwa siku moja mayai yakiwa tayari na macho.

Wanapumua haraka, wanafia sakafuni kwa wingi kwa siku moja

Pima amonia. Ni kipimo cha kwanza, na mara nyingi ndicho cha mwisho. Tangi dogo lisilo na chujio, linaloingizwa chakula hai kila saa chache, hupandisha amonia upesi, na kadiri pH na joto vinavyopanda ndivyo sehemu yenye sumu ya amonia hiyo inavyoongezeka. Ndiyo sababu kiwango ambacho samaki wa maji yasiyo na chumvi wangekivumilia huwaua hawa.

Nyonya uchafu wa sakafuni kwa mrija wa pampu ya hewa, ukimiminia kwenye ndoo nyeupe. Weupe wa ndoo una maana yake: kifaranga aliyevutwa kwa bahati mbaya huonekana mara moja na kurudishwa kwa kikombe. Badilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji, ukirudisha maji ya joto na chumvi ile ile kwa matone. Ikiwa amonia bado ipo, rudia baada ya saa kadhaa badala ya kubadilisha nusu ya tangi mara moja. Kemikali za kufunga amonia husaidia kwa dharura, ila baadhi ya vipimo husoma amonia ya uongo baada ya kuzitumia, hivyo soma maelekezo ya kipimo chako kabla ya kutishika.

Amonia ikiwa safi, pima chumvi. Maji yanayokauka huacha chumvi nyuma, na tangi dogo huweza kuvuka kiwango ndani ya siku chache. Jazia kwa maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, usijazie kwa maji ya chumvi. Maji ya bomba yenye klorini yanawaua vifaranga na rotifa kwa pamoja. Baada ya hapo chunguza joto: hita ndogo iliyokwama ikiwaka huzidisha joto la lita 20 kwa usiku mmoja.

Onyo. Ukihisi msisimko wa umeme unapotia mkono majini, toa mkono, kata umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa hita au pampu, na usiirudishe hadi fundi umeme akague. Usijaribu kutafuta kifaa chenye kasoro kwa kuvigusa kimoja kimoja.

Siku ya 8 hadi ya 15: wanakufa ghafla wakishtuliwa

Katika kipindi hiki kifaranga hugeuka umbo: rangi ya chungwa huingia, mlia wa kichwani hutokea, naye huacha kuelea katikati ya maji na kushuka karibu na kuta na sakafu. Kushuka huko ni kwa kawaida, wala si ugonjwa, mradi wanakula.

Kisicho cha kawaida ni hiki: taa inawashwa ghafla au kifuniko kinagongwa, samaki waliokuwa wazima wanatetemeka, wanazunguka, wanatanua vifuniko vya matamvua, wanazama, na baadhi hawaamki tena. Chanzo kinachotambulika zaidi ni upungufu wa asidi za mafuta za omega-3, hasa DHA, na huwapata sana waliolishwa atemia (kamba wadogo sana wa maji ya chumvi) peke yake. Atemia ana umbo zuri la chakula lakini hana DHA ya kutosha kwa samaki wa baharini.

Kwa leo, punguza mshtuko: washa taa ya chumba kwanza, kisha ya tangi, na usigonge kioo. Kwa kesho, rekebisha lishe. Endelea na rotifa walioshibishwa mwani wenye DHA, kama Isochrysis, sambamba na atemia. Changanya na chakula kikavu laini kilichotengenezwa kwa samaki wachanga wa baharini, ukianza na chembe za maikroni 100 hadi 200. Atemia mwenyewe arutubishwe kwa mafuta maalumu ya omega-3. Mabadiliko hayaonekani siku hiyo hiyo, na wale waliokwisha kudhoofika wengine watakufa hata baada ya kurekebisha.

Tumbo limevimba baada ya kuanza atemia

Mara nyingi atemia ametolewa mapema mno, au wamepewa wengi kwa mara moja. Ngoja hadi uwaone vifaranga wakimeza bila kutema, kwa kawaida baada ya siku ya tano na kuendelea, na uanze kwa atemia waliotoka kuanguliwa, ambao ni wadogo na bado wana akiba ya kiini. Waliokaa siku nzima bila kulishwa wamekuwa wakubwa na watupu. Kisababishi cha pili ni maganda ya mayai ya atemia, yasiyosagika tumboni. Zima hewa kwenye chombo cha kuangulia, acha maganda yaelee juu, elekeza tochi chini, na uwavute atemia waliokusanyika penye mwanga pekee.

Milia pungufu na vifuniko vya matamvua vifupi

Mlia uliokatika haumdhuru samaki. Urithi, lishe na hali ya maji vyote hutajwa, na hauponi baada ya kutokea. Kifuniko kifupi kinachoacha matamvua wazi, au taya lililopinda, ni jambo jingine: likiwapata wengi, kagua lishe na amonia ya wiki mbili za kwanza, maana huko ndiko kosa lilikofanyika. Samaki asiyeweza kula wala kuogelea asiachwe akiteseka. Daktari wa mifugo ataeleza njia isiyo na maumivu.

Mapezi yaliyochanika baada ya mwezi huwa ni ugomvi. Watenganishe kwa ukubwa, na mwenye kuonea ahamishwe peke yake.

Vumbi mwilini, ute mzito, ngozi inayobanduka

Hapa simama. Vumbi laini lenye rangi ya dhahabu pamoja na kupumua haraka huelekeza kwa Amyloodinium; ute mweupe mzito unaobanduka huelekeza kwa Brooklynella, anayewapenda klauni kuliko samaki wengi. Vimelea hivi viwili hutibiwa tofauti. Shaba hufanya kazi kwa wa kwanza na haimsaidii mwenye wa pili, nayo huwaua rotifa na atemia ukiitia katika tangi lao. Fomalini hutumika kwa Brooklynella, lakini ni sumu inayoweza kusababisha saratani kwa binadamu, na ile iliyoota mashapo meupe chupani isitumike kabisa kwa kuwa imezidi kuwa kali. Kwa vifaranga wa chini ya wiki mbili, kipimo kidogo kilichokosewa huwaua kabla ya kimelea.

Kuitambua tofauti kwa uhakika kunahitaji hadubini. Mtafute daktari wa mifugo mwenye ujuzi wa samaki siku hiyo hiyo, usingoje vifo vya pili. Wakati huo huo tenga vyombo vya tangi hilo, usihamishe maji yake kwenda kwa wazazi, na usivute mrija kwa mdomo. Mwenye kidonda mkononi avae glavu, kwa sababu bakteria Mycobacterium marinum huingia kupitia michubuko. Uvimbe mdogo usiopona kwenye kidole au mkono upelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kwamba mgonjwa anafuga samaki.

Kwa daktari wa samaki, peleka vifaranga wawili au watatu walio wagonjwa lakini wangali hai, ndani ya maji yao na hewa ya kutosha, pamoja na chupa nyingine safi yenye maji ya tangi yasiyo na samaki. Waliokufa tangu usiku huoza haraka na vimelea huwatoka, hivyo hawasaidii sana. Ongeza karatasi yenye vipimo vile vitano, tarehe ya kuanguliwa, orodha ya vyakula, na kila dawa iliyokwisha kutiwa, hata kama ni tone moja.